Posta ikibaki na walinzi

Jumapili saa moja usiku, Barabara ya Samora, eneo la Posta katikati ya Dar es Salaam, imenyamaza. Maduka yamefungwa, walinzi wamekaa kwenye viti vya plastiki milangoni mwa maghorofa ya ofisi, na Sanamu ya Askari, iliyosimama pale tangu 1927, haina wa kuitazama. Nikitembea dakika chache hadi Kisutu nakuta mambo mengine: nguo zimeanikwa kwenye roshani, mishikaki inageuzwa juu ya makaa, mtoto katumwa mkate. Huku watu wanalala, kule hawalali.

Waliojenga mitaa hii ya zamani waliweka duka chini na familia juu. Mwenye duka alifunga mlango akapanda ngazi, akawa amefika nyumbani. Mwaka 1971 serikali ilitaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya Sh100,000 na kuyakabidhi kwa Msajili wa Majumba. Mwaka 1990 yakaingia mikononi mwa Shirika la Nyumba la Taifa. Ndiyo maana nasema hatima ya katikati ya Dar es Salaam haiwezi kuachiwa wajenzi binafsi peke yao. Viwanja vingi vya huko ni mali ya umma.

Tukiviacha vifuate kodi ya pango tu, Kariakoo imeshatuonyesha yatakayotokea. Nyumba za Kiswahili za vyumba sita zilivunjwa, maghorofa yakapanda, na vyumba vingi vilivyokusudiwa kulala watu vikawa stoo za mizigo, kwa sababu marobota yanalipa zaidi na hayadai maji.

Posta tulijaza ofisi. Wizara zilipoanza kuhamia Dodoma mwaka 2016, majengo yakapoteza wapangaji wao wakubwa. Wapo wanaosema tuyageuze makazi. Natamani ingekuwa rahisi hivyo. Vyoo vya ghorofa la ofisi hurundikwa pamoja karibu na lifti, vioo vyake havifunguki, na chumba cha katikati hakioni jua. Kupitisha bomba la jiko na la bafu kwa kila familia ni kuvunja nusu ya jengo. Uamuzi wa nani ataishi humo hufanywa kabla ya kumwaga zege la msingi.

Gharama ya uamuzi huo tunailipa kila siku barabarani. Asubuhi basi la mwendokasi la kutoka Kimara kwenda Kivukoni limeshonana, la kurudi lina viti. Jioni kinyume chake. Muuguzi wa Muhimbili na karani wa bandarini wanaamka alfajiri kufuata kazi ambayo wangeweza kuifikia kwa miguu, kama Upanga na Kisutu kungekuwa na nyumba ya vyumba viwili inayolipika kwa mshahara wao. Zinazojengwa sasa nyingi si zao.

Kwa hiyo kabla kiwanja kingine cha umma hakijazungushiwa mabati, naomba anayepitisha ramani aulize: majiko yako ghorofa ya ngapi?