Ukomunisti na Mwenye Ufunguo wa Stoo

Katika ziara zetu za kikazi vikosini, swali moja limetufikia mara nyingi kuliko tulivyotazamia. Huulizwa jioni, silaha zikiwa zimekwisha kusafishwa na askari wakingoja chakula. Swali lenyewe ni hili: Je, ukomunisti, ulioahidi kwamba mali itakuwa ya wote na kwamba hapatakuwa na tajiri wala maskini, ulishindwa kwa sababu mafundisho yake yalikuwa mabaya, au kwa sababu binadamu kwa maumbile yake ni mchoyo na hawezi kuishi hivyo?

Si kazi ya askari wala polisi kukipigia debe chama chochote cha siasa, na makala haya hayana nia hiyo. Hata hivyo askari ana haki ya kulitafakari jambo hili, tena ana haki kuliko wengi. Kati ya wananchi wote, yeye ndiye aishiye karibu zaidi na hali ile waliyoiota wakomunisti. Chakula chake hutoka katika sufuria moja na cha wenzake. Nguo zake ni sawa na za jirani yake. Bunduki anayoilinda kuliko roho yake si mali yake. Akiugua hutibiwa kadiri ya ugonjwa wake, wala haulizwi ana shilingi ngapi. Akijeruhiwa vitani, mwenzake humbeba mgongoni chini ya risasi bila kutaja ujira.

Basi mtu akisema kwamba binadamu hawezi kamwe kushirikiana mali na kutoa bila kuhesabu, kambi yoyote ya jeshi yatosha kumkanusha. Lakini mambo hayaishii hapo.

KOPO NA DEBE

Tulipokuwa chuo cha makadeti, seksheni yetu ya watu kumi ilikuwa na kopo moja la sukari. Kila mmoja alitia alichoweza. Aliyetoka nyumbani na kingi alitia kingi, na yule ambaye wazazi wake hawakuwa na kitu hakuulizwa. Kopo lile halikukauka kwa muda wa miezi mitatu. Tukajiona tumegundua siri ya dunia, tukapendekeza kombania nzima, watu zaidi ya mia moja, iwe na debe moja la sukari. Debe lilijazwa siku ya kwanza. Siku ya tano likawa tupu. Hakuna aliyeonekana akiiba. Kila mmoja alizidisha kijiko kimoja tu, akijua kwamba katika wingi ule hakitatambulikana. Ilipofika siku ya kulijaza tena, kila mmoja alimngoja mwenzake aanze. Ila yule aliyekabidhiwa ufunguo, chai yake iliendelea kuwa tamu hadi mwisho wa mwezi.

Tulikuwa watu wale wale, wenye maumbile yale yale. Yaliyobadilika ni mambo matatu. Kwanza, kundi lilikuwa kubwa mno, watu wasiweze kuonana kazi na ulaji. Pili, wengi waliingizwa kwa uamuzi wa wengine, si kwa hiari yao. Tatu, alizaliwa mwenye ufunguo. Tunamwomba msomaji ayashike mambo hayo matatu, maana tutakutana nayo tena katika mambo yaliyoukumba ulimwengu.

JESHI LISILO NA VYEO

Wakomunisti hawakuliacha jeshi nje ya majaribio yao. Desemba 1917, wiki chache tu baada ya kutwaa madaraka nchini Urusi, serikali ya Lenin ilitoa amri za kufuta vyeo vyote jeshini pamoja na saluti, na kuagiza kwamba makamanda wachaguliwe na askari wenyewe. Alama za cheo zilichanwa mabegani. Wahenga walikwisha kunena kwamba manahodha wengi, chombo huenda mrama. Wajerumani walipoanza kusonga mbele Februari 1918, hapakuwa na jeshi la kuwazuia, na mwezi wa Machi Urusi ikatia sahihi mkataba wa Brest-Litovsk na kupoteza nchi kubwa. Trotsky, aliyekabidhiwa mambo ya vita mwezi huo huo, alikomesha uchaguzi wa makamanda na kuwaita kazini maelfu ya maofisa wa mfalme wa zamani, huku kila mmoja akiwekewa komisa wa kumchunga.

Hatua kwa hatua yaliyofutwa yakarudi. Mwaka 1935 vyeo vilirejeshwa, na watu watano wakapewa cheo kipya cha Marshali wa Umoja wa Kisovieti. Januari 1943, vita vya Stalingrad vikiwa bado vyaunguruma, alama za cheo zilirudi mabegani, zile zile zilizochanwa miaka 25 iliyotangulia.

Uchina ilipita njia hiyo hiyo. Vyeo vilivyowekwa mwaka 1955 vilifutwa mwaka 1965 kwa jina la usawa. Lakini koti la ofisa lilikuwa na mifuko minne, na la askari wa kawaida mifuko miwili. Hivyo watu wakajifunza kuhesabu mifuko! Katika vita vya mpakani dhidi ya Vietnam mwaka 1979, vikosi vilipochanganyikana, haikuwa rahisi kujua nani amwamuru nani. Vyeo vilirudi mwaka 1988. Hata hapa Uganda, wapiganaji wa NRA walioingia Kampala Januari 1986 walikuwa bado hawana vyeo vya kawaida vya kijeshi. Navyo vilitolewa mwaka 1988. Walipokuwa kundi dogo msituni, wakijuana kwa sura na kwa matendo, waliweza kwenda bila hivyo. Jeshi lilipokuwa kubwa, haikuwezekana tena.

Fundisho la kwanza ni kwamba usawa wa utu ni jambo moja, na usawa wa madaraka ni jambo lingine. Mahali ambapo madaraka hayakutajwa wazi, hayakutoweka. Yalijificha mifukoni.

SHAMBANI

Kama jeshini mambo yalikuwa hivyo, mashambani yalikuwa mazito zaidi, kwa kuwa huko ndiko chakula hutoka. Katika Umoja wa Kisovieti wakulima walilazimishwa kuingia mashamba ya pamoja kuanzia mwaka 1929. Baadaye serikali iliruhusu kila kaya ibaki na kishamba kidogo karibu na nyumba. Vishamba hivyo vilikuwa takriban asilimia 3 tu ya ardhi iliyolimwa, lakini kwa miaka mingi vilitoa karibu robo ya mazao yote ya kilimo na mifugo. Jembe lilikuwa lile lile na mkono ule ule. Tofauti ilikuwa kwamba mkulima aliyaona matokeo ya jasho lake.

Uchina iliunda makomyuni mwaka 1958. Majiko ya nyumbani yaliachwa, watu wakala katika majumba ya chakula ya umma, na miezi ya mwanzo walikula hadi kushiba. Kisha likafuata jambo ambalo kila askari apasaye kuandika taarifa yafaa alitafakari. Viongozi wa chini, wakitaka kuwapendeza wakubwa, waliripoti mavuno makubwa kuliko yaliyokuwapo. Serikali ikachukua nafaka yake kwa kufuata hesabu hiyo ya uongo, na mkulima akaachwa na ghala tupu. Njaa iliyotokea mpaka mwaka 1961 iliua watu ambao wanahistoria wengi hawawakadirii chini ya milioni 15, na wengine huwataja kuwa zaidi ya maradufu ya hao.

Ieleweke vyema kwamba uvivu wa mkulima sio uliowaua watu hao. Waliuawa na taarifa ambayo hakuna aliyethubutu kuisahihisha. Mwenye ufunguo wa stoo hakuwa na wa kumkagua.

Mwishoni mwa mwaka 1978, katika kijiji cha Xiaogang, mkoani Anhui, wakulima 18 walikutana kwa siri, wakagawana ardhi ya pamoja kila kaya fungu lake, na kutia alama za vidole katika hati. Waliahidiana kwamba kama viongozi wao wangefungwa, wengine wangewalea watoto wao hadi watimize miaka 18. Tutazame ajabu hii: watu waliokuwa wakiukimbia ushirika wa lazima waliapishana kuleana watoto, ambao ndio ushirika wenyewe! Njia yao ilienea nchini, na makomyuni yakavunjwa mwanzoni mwa miaka ya 1980. Mavuno ya nafaka ya Uchina yalipanda kutoka tani milioni 305 mwaka 1978 hadi tani milioni 407 mwaka 1984. Bei nzuri zaidi na mbolea zilichangia pia, lakini mkulima aliyepewa fungu lake ndiye aliyekuwa chanzo.

LITOWA

Jirani zetu wa Tanzania hawakuwa wakomunisti. Mwalimu Julius Nyerere aliuita mwendo wake Ujamaa, akiujenga juu ya desturi ya ukoo wa Kiafrika. Lakini historia yao yatupa ushahidi mwingine. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, mkoani Ruvuma, vijana walianzisha kwa hiari yao kijiji cha Litowa. Walilima pamoja, wakagawana pamoja, wakaamua mambo yao katika mkutano wao. Vijiji vingine vikawafuata, na chama chao cha maendeleo kikawa mfano uliosifiwa na Mwalimu mwenyewe. Mwaka 1969 chama hicho kilivunjwa kwa uamuzi wa wakubwa wa chama tawala. Miaka michache baadaye, mamilioni ya wananchi walihamishwa kwenda vijijini, wengine kwa nguvu, na mashamba ya pamoja katika vijiji vingi yakazorota. Hivyo palipokuwa na hiari, kazi ilikwenda hata pasipo amri. Amri ilipokuja, watu walifika ila moyo wao ulibaki nyuma.

MAUMBILE YA MTU

Wafuasi wa Marx hujibu kwamba maumbile ya mtu si jiwe. Hali ya maisha ikibadilika, na mtu hubadilika. Jibu hilo tusilidharau. Kuruta aingiaye kambini akijipenda nafsi yake hutoka akiwa tayari kufa kwa ajili ya seksheni yake. Lakini kuruta huyo alijua anaingia nini, anawajua wenzake kwa majina, analipwa mshahara, na chakula chake hulimwa na wananchi walio nje ya kambi. Jeshi halijilishi. Nchi nzima haiwezi kuwa kambi, kwa sababu hapatakuwa na mtu nje ya ua wa kuilisha.

Basi jibu letu ni hili. Binadamu si mchoyo tu, wala si malaika. Hugawana kwa ukarimu na wale anaowaona, katika jambo alilolichagua, maadamu anajua kwamba mgawaji naye hukaguliwa. Ukomunisti ulishindwa pale ulipojaribu kuulazimisha moyo wa kopo uendeshe debe la mamilioni, kisha ukampa mtu mmoja ufunguo na kumnyamazisha kila aulizaye hesabu. Kati ya wale marshali watano wa mwaka 1935, watatu waliangamia mikononi mwa dola yao wenyewe kabla ya mwaka 1940 kufika. Usawa ulioanza kwa kuchana alama za begani ulimfikisha mtu mmoja mahali ambapo hakuna aliyeweza kumwambia hapana.

Wala tusiwacheke wakomunisti. Tamaa isiyo na mipaka nayo imebomoa nchi nyingi zisizowahi kuwa na komyuni hata moja, na mtoto afaye kwa njaa kando ya duka lililojaa hafarijiki kwa kuambiwa kwamba duka hilo lina mwenyewe.

Kwetu sisi tuvaao sare, jambo hili si la vitabuni. Kila siku ya Mungu tumekabidhiwa sufuria moja. Sajini wa stoo anapopunguza maharage ya kombania, kamanda anapojaza orodha ya mishahara kwa majina ya askari hewa, polisi anapochukua kwa mwananchi ndizi asizozilipia, hapo hafanyi kosa dogo la tumbo. Anawafundisha vijana walio chini yake kwamba kushirikiana ni ujinga, na kwamba mwerevu ni yule mwenye ufunguo. Siku ya risasi, vijana hao hawatambeba mtu mgongoni.

Kwa hiyo askari akiona kopo la seksheni limejaa, na ajiulize ni nani aliyelijaza. Na akikabidhiwa ufunguo, aombe akaguliwe kabla hajaambiwa.