Ndosho: Mwenyewe amehama, mbwa amebaki. Nani atamchukua?

Nyiragongo ilipolipuka tarehe 22 Mei 2021, na tena vita vilipofika mjini Goma Januari 2025, familia nyingi zilikimbia na watoto na magodoro. Katika safari kama hizo, mara nyingi mbwa wa ulinzi hubaki langoni.

Uingereza, mbwa wengi wa mbio wakistaafu hutafutiwa nyumba. Sisi Ndosho hatuna mbio za mbwa, lakini tuna huyu aliyelinda parsele ya mtu na sasa hana mwenyewe. Kumchukua ni vizuri, ila kuna masharti.

Kwanza, chanjo. Dalili za kichaa cha mbwa zikionekana kwa mtu, karibu kila mara anakufa. Mpeleke mbwa kwa veterinere kabla hajacheza na watoto. Akiuma mtu, osheni kidonda kwa maji na sabuni dakika 15, kisha mwende hospitali siku ileile, hata kidonda kikiwa kidogo.

Pili, uvumilivu. Mbwa mzima aliyezoea mnyororo anaogopa mkono wa mgeni. Mpe bugali na sambaza saa zilezile, umwite kwa jina moja, na watoto wasimguse anapokula au kulala. Usiku mawe ya volkano ni baridi: mtandikie gunia.

Tatu, wajulishe majirani na mkuu wa nyumba kumi kwamba mbwa yuko kwako. Mwenyewe akirudi, ajue pa kumuulizia.