KOPO LA KUNASIA OILI: LAFAA AU HALIFAI?



Usiku mmoja wa masika mama mmoja alishikwa na uchungu wa uzazi huku kwetu Ruaruke. Jamaa zake wakakodi gari dogo la abiria limpeleke Kibiti. Kabla ya kufika nusu ya njia, taa nyekundu ya oili ikawaka. Dereva akafungua boneti, akakuta injini nzima imelowa oili. Mama yule akamalizia safari yake juu ya pikipiki, katika matope, ameshikwa na dada yake kwa nyuma. Mungu ni mwema, alijifungua salama.

Asubuhi tulikwenda kulitazama lile gari. Ubavuni mwa injini palikuwa na kopo dogo la kung'aa. Mwenye gari alikuwa amelinunua kwa fedha nyingi ili kuilinda injini yake. Lakini mpira uliofungwa kwenye kopo ulikuwa dhaifu. Kwa joto ulilegea, ukakunjika, na njia ya hewa ikazibika. Kumbe mlinzi ndiye aliyeleta hasara!

Siku hizi makopo ya namna hii yanasifiwa sana, na hata katika baraza letu la parokia mmoja alitoa shauri kwamba gari la parokia litiwe kopo. Nami, kwa kuwa ndimi niandikaye daftari la gari, niliagizwa kuwauliza mafundi na kusoma. Niliyoyapata nakuandikia na wewe, kwa maana fedha ya kutunza gari la familia ni jasho la mpunga na korosho, haifai kupotea bure.

KOPO HILI NI KITU GANI?

Ndani ya injini pistoni hupanda na kushuka. Kila pistoni imevikwa ringi za chuma, ili moto wa mafuta usipite kwenda chini. Walakini hakuna ringi iwezayo kuziba kabisa. Hewa kidogo ya moto hupenya, ikaingia chini penye oili, ikachanganyika na mvuke wa oili, wa maji na wa mafuta. Hewa hiyo hapana budi itolewe. Isipotolewa, itatafuta pa kutokea yenyewe, kama mvuke unavyoinua kifuniko cha sufuria.

Motokaa za zamani zilikuwa na bomba la kuitema hewa hiyo chini barabarani. Wakati wa Vita Kuu ya Pili majeshi yalitaka vifaru vivuke maji mengi bila injini kuingiwa na maji kwa bomba hilo, basi hewa ile ikarudishwa ndani ya injini iteketezwe humo. Baadaye watu wa California, huko Marekani, walichoshwa na hewa chafu ya miji yao, na motokaa mpya za mwaka 1961 zilizouzwa huko zikatiwa njia hiyo. Leo karibu kila gari lina njia ya namna hiyo.

Ila hewa inayorudi huchukua matone madogo ya oili, na matone hayo huacha uchafu katika njia anamopita. Ndipo watu wakabuni kopo. Hufungwa katikati ya mpira wa kurudishia hewa. Ndani yake mna nyavu au vibamba vya chuma. Oili hushikamana navyo na kudondoka chini, na hewa huendelea na safari yake.

FAIDA ZAKE

Kwanza, lasaidia injini za petroli ambazo mafuta hupulizwa moja kwa moja ndani ya silinda. Katika injini za kawaida petroli hupita juu ya valvu za kuingizia hewa na kuziosha. Katika hizi haipiti hapo. Basi oili huungua juu ya valvu na kugandamana kama masizi ya chungu. Usidhani injini hizi ziko mbali nasi. Noah na Voxy nyingi zilizotengenezwa kati ya mwaka 2001 na 2007 zina injini ya namna hiyo. Tazama juu ya injini: ukiona alama D-4, ndiyo hiyo.

Pili, lasaidia injini za dizeli za siku hizi zenye tabo, yaani feni isukumayo hewa kwa nguvu, na zenye bomba la kurudisha sehemu ya moshi ndani. Masizi ya moshi yakikutana na oili huwa kama lami, na njia ya hewa huzidi kuwa nyembamba mwaka hata mwaka.

Tatu, kopo hutoa habari. Likianza kujaa upesi kuliko desturi, ujue ringi zinachoka.

HASARA ZAKE

Kwanza, kopo halijimwagi lenyewe. Likijaa, oili iliyokusanyika yaweza kuvutwa yote kwa mara moja ndani ya injini. Injini ya dizeli huweza kuila oili hiyo kama mafuta, ikaenda mbio yenyewe hata ukizima ufunguo. Hiyo ni hatari kubwa.

Pili, mpira ukikunjika au kuziba, mgandamizo husukuma oili nje kwenye sili na kwenye kijiti cha kupimia. Ndiyo yaliyompata yule mama njiani.

Tatu, makopo mengi ya bei rahisi ni matupu ndani, hayana nyavu wala vibamba. Kopo tupu hunasa kidogo mno.

Nne, wako wanaoacha mpira wazi, hewa itoke nje. Hao huwavutisha abiria mvuke mchafu, tena hutuchafulia sote hewa.

Tano, kopo si dawa. Injini inayokula oili kwa sababu ya uzee itaendelea kuila. Kopo litaficha ugonjwa kwa muda tu.

JE, GARI LAKO LINAHITAJI?

Ikiwa una Probox au Noah ya zamani isiyo na alama ile, petroli yaziosha valvu zako. Usinunue kopo. Ikiwa una D-4, au dizeli mpya yenye tabo, kopo zuri lafaa, kwa sharti kwamba wewe mwenyewe utalifungua na kulimwaga kila ukaguapo oili.

Gari letu la parokia ni Land Cruiser yenye injini ya 1HZ, dizeli ya lita 4.2, isiyo na tabo wala bomba la kurudisha moshi. Dereva wetu alilitaka kopo, akasema kinga ni bora kuliko tiba. Mzee mmoja wa baraza akamwuliza: "Na siku wewe ukiwa mgonjwa, nani atalimwaga?" Dereva akanyamaza kidogo, kisha akacheka. Tukakubaliana fedha ile inunue oili nzuri na machujio, la oili na la hewa, maana vumbi la kiangazi ndilo linaloila injini yetu. Gari hili humpeleka padre vigangoni, na mara nyingi huchukua wagonjwa. Latakiwa liwake kila siku.

Jambo moja zaidi. Oili iliyonaswa, na oili yoyote iliyotumika, usiimwage shambani wala mtoni. Maji yetu hushuka kwenye mikoko, na humo ndimo wanamokua kamba na samaki wetu. Mwaka 2004 eneo la Rufiji, Mafia na Kilwa liliandikwa katika orodha ya Ramsar ya ardhi oevu zenye thamani kwa ulimwengu wote. Naye marehemu Papa Fransisko, katika barua yake Laudato Si' ya mwaka 2015, alitukumbusha kwamba dunia ni nyumba yetu sote. Itie oili chafu katika dumu lenye kifuniko, uiweke mbali na watoto, ukaipeleke kwa wanaoikusanya.

Kabla hujatoa hata shilingi moja, fanya hivi. Injini ikiwaka polepole, legeza kifuniko cha kutilia oili kwa kitambaa, uangalie usiungue. Moshi ukitoka kwa nguvu, mwone fundi kwa ajili ya ringi, si muuza makopo. Kisha tazama mpira wa hewa: ukiwa umepasuka au kulainika, ubadilishe. Ni kazi ya dakika chache tu. Laiti ingalifanywa mchana ule, yule mama hangaliteremshwa garini usiku.