Korosho ya Mtwara Katika Somo la Maendeleo
Taasisi ya Taaluma za Maendeleo ilianzishwa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1973, mwaka mmoja baada ya Walter Rodney, mhadhiri wa historia chuoni hapo, kuchapisha kitabu chake kuhusu namna Ulaya ilivyoidumaza Afrika, na somo la maendeleo linalofundishwa na taasisi hiyo huwahusu hata wanafunzi wa uhandisi, ambao pengine ndio wanaolihitaji zaidi.

Katika somo hilo, utandawazi, yaani kuunganika kwa masoko, mitaji na teknolojia za nchi mbalimbali, hueleweka vyema kupitia korosho ya Mtwara, ambayo kwa sehemu kubwa husafirishwa ikiwa ghafi hadi India na Vietnam, ambako hubanguliwa, hivyo kwamba ajira na faida ya ubanguaji hubaki huko, huku mkulima akitegemea bei ya mnada. Maendeleo endelevu, ambayo tume ya Umoja wa Mataifa iliyoongozwa na Gro Harlem Brundtland iliyaeleza mwaka 1987 kuwa ni kukidhi mahitaji ya sasa bila kuvinyima vizazi vijavyo uwezo wa kukidhi ya kwao, huleta suala jingine: salfa inayopulizwa kwenye mikorosho dhidi ya ugonjwa wa ubwiriunga huokoa mavuno, lakini ikirundikana huongeza asidi katika udongo, na hapo mhadhiri wa maendeleo humhitaji mwenzake wa kemia.