Kukataliwa na Kunyamaziwa: Ufasiri wa Ujumbe wa Hitilafu za Barua-pepe Nyumbani

Programu ya barua-pepe inaposhindwa kuifikia seva, watumiaji wengi huanza kwa kubadilisha nywila, kisha huifuta akaunti na kuiunda upya. Hatua hii ya pili ni ya hatari. Itifaki ya POP3 hupakua barua kwenye tarakilishi na mara nyingi huziondoa kwenye seva. Kwa hivyo, anayefuta akaunti ya aina hiyo huenda akafuta barua za miaka mingi zisizo na nakala kwingine, yakiwemo masahihisho ya tasnifu kutoka kwa msimamizi. Hasara yote hiyo huenda ikawa imeletwa na waya uliolegea tu. Makala haya yanashikilia kwamba ujumbe wa hitilafu, ukisomwa kwa makini, huonyesha mahali safari ya barua ilipokatikia.

Safari yenyewe huenda hivi. Tarakilishi huungana na ruta ya nyumbani, na ruta na intaneti. Jina la seva hugeuzwa kuwa anwani ya tarakimu. Mlango mahususi wa seva hubishwa. Pande mbili hukubaliana kuhusu usimbaji. Na hapo ndipo nywila huulizwa. Ambaye hajafika mlangoni hawezi kuwa amekosea nywila.

Ujumbe usemao kuwa seva haijulikani huhusu jina: ama limeandikwa vibaya, ama mfumo wa majina ya vikoa haujibu. Usemao kuwa muunganisho umekataliwa una nafuu, kwani kukataa ni kujibu. Kwa kawaida, mashine imefikiwa ila hakuna programu inayosikiliza kwenye mlango uliobishwa. Nambari ya mlango ndiyo ya kukaguliwa. Kuambiwa kuwa muda umekwisha ni jambo jingine kabisa. Hodi imepigwa, na hakuna aliyekaribisha wala aliyefukuza. Mara nyingi kimya hicho hutokana na programu ya ulinzi, katika tarakilishi, katika ruta au kwa mtoa huduma, inayomeza maombi bila kuyajibu. Mfasiri anayezitafsiri kauli hizi mbili kwa “imeshindikana kuunganisha” humnyima mtumiaji fununu aliyoihitaji.

Kisa kinachotatanisha wengi ni cha mtu anayepokea barua lakini hawezi kutuma. Itifaki ya kutuma, SMTP, ilitumia mlango wa 25. Watoa huduma wengi huufunga mlango huo kwa wateja wa nyumbani ili kuzuia barua-taka. Mtumiaji hana budi kutumia mlango wa 587 au 465. Kupokea kwa usimbaji hupitia 993 kwa IMAP na 995 kwa POP3.

Simu ya mkononi ni chombo kizuri cha uchunguzi. Ikisoma barua za akaunti ile ile kupitia ruta ile ile, basi kasoro imo katika tarakilishi. Anwani ya tarakilishi ikianza kwa 169.254, haijapewa anwani na ruta. Simu ikishindwa kwa ruta lakini ikafaulu kwa data yake yenyewe, ruta au mtoa huduma ndiye wa kuulizwa. Ikishindwa kwa njia zote mbili, yawezekana seva yenyewe imelala, na subira yatosha.

Hitilafu za usimbaji nazo huweza kusababishwa na saa. Tarakilishi kuukuu iliyorudi nyuma miaka kadhaa kwa kuishiwa betri huona cheti cha seva kuwa batili. Saa irekebishwe kabla ya cheti kulaumiwa.

Ujumbe kuhusu nywila nao si wa kuaminiwa kikamilifu. Mnamo Mei 2022 Google ilianza kuzizuia programu zinazoingia katika akaunti za kibinafsi kwa jina na nywila ya kawaida pekee. Programu ya zamani huambiwa kuwa nywila imekataliwa, ilhali mwenyewe ameiandika sawasawa. Kinachotakiwa hapo ni programu mpya, au nywila maalumu ya herufi 16 inayotolewa kwa aliyewasha uthibitisho wa hatua mbili.