Dhahabu ya Tabora na Thamani Yake

Mzee mmoja jirani yangu alinijia na sarafu mbili za Kijerumani alizorithi kwa babu yake, zimefungwa katika kitambaa. Ile kubwa alikuwa ameisugua kwa ndimu na majivu hata ikang'aa. Ile ndogo hakuijali sana. Sonara alikuwa amekwisha kumtajia bei kwa uzito wake, naye alikuwa karibu kukubali.

"Mzee," nilimwambia, "umeitunza isiyo dhahabu."

Ile kubwa ni Heller 20 ya shaba ya manjano (na jina hilo ndilo lililozaa neno hela). Ile ndogo, yenye tembo aliyeinua mkonga mbele ya mlima, ni dhahabu ya Rupia 15. Zote mbili zilipigwa Tabora mwaka 1916, ndiyo maana zina herufi T. Vita Kuu vilikuwa vimewafungia Wajerumani njia ya bahari, fedha zikawapungukia, wakalazimika kupiga zao wenyewe kwa dhahabu ya machimbo ya Sekenke. Septemba mwaka ule ule Wabelgiji wakautwaa mji wa Tabora.

Sasa tuje kwenye hesabu. Sarafu hiyo ina uzito wa gramu 7.168, na robo tatu yake ni dhahabu safi, yaani gramu 5.376. Zidisha gramu hizo kwa bei ya dhahabu ya siku hiyo, utapata thamani ya chini kabisa. Sonara aliishia hapo. Lakini itazame mark 20 ya Kaiser Wilhelm II: dhahabu yake safi ni kama gramu 7.17, ila zilipigwa kwa mamilioni, hivyo mara nyingi bei yake haiipiti sana dhahabu iliyomo. Za Tabora zilipigwa 16,198 tu, na wakusanyaji huzilipia zaidi sana ya dhahabu yake. Ajabu ni kwamba Wajerumani walizihesabu sawa na mark 20, ingawa dhahabu yake imepungua kwa robo nzima!

Wako pia wajanja waziigao. Kwa hiyo ipimwe kwa mizani ya sonara, tena mbele ya macho yako, kisha uulize bei kwa wauza sarafu wawili au watatu. Iliyotobolewa au kutiwa kishikizo cha mkufu hushuka bei. Na iliyosuguliwa vilevile.

Mzee akauliza kama ile ndogo nayo aisugue. Nikaifunga upesi katika kitambaa chake.