Wanajeshi, Kimondo na Mnara wa Taa

Mwaka 1980, usiku wa Krismasi kuamkia Desemba 26, karibu saa tisa, walinzi wa lango la mashariki la kambi ya Woodbridge katika mkoa wa Suffolk, Uingereza, waliona taa zikishuka kana kwamba zinatua ndani ya msitu wa Rendlesham. Kambi hiyo ilikuwa mali ya Waingereza, ila waliokuwa wakiitumia ni Jeshi la Anga la Marekani. Walinzi walidhani ni ndege iliyoanguka, wakaingia msituni kuitafuta.

Baada ya saa kumi alfajiri wakaitwa polisi wa eneo hilo. Hawakukuta ndege wala moto. Waliandika kwamba taa pekee walizoziona ni za mnara wa kuongozea meli wa Orfordness, uliokuwa ufuoni. Maneno hayo yangetosha kufunga jalada!

Kulipokucha, askari walikuta vishimo vitatu ardhini vilivyokaa pembetatu, pamoja na miti yenye makovu. Uvumi ukazagaa kambini. Usiku wa kuamkia Desemba 28, naibu kamanda, Luteni Kanali Charles Halt, alikwenda kujionea mwenyewe akiwa na kinasa sauti kidogo na kipima mionzi. Ng'ambo ya shamba, usawa wa nyumba ya mkulima, aliona mwanga ukiwaka na kuzimika. Baadaye akaona vitu mfano wa nyota angani, kaskazini na kusini. Januari 13, 1981 aliandika waraka mfupi kwenda Wizara ya Ulinzi ya Uingereza, akieleza mianga isiyoelezeka.

Wizara ilikuwa na swali moja tu: je, usalama wa nchi umo hatarini? Jibu likawa hapana. Kwa jeshi, hilo ni swali la maana na jibu lake linatosha. Lakini kujua kwamba kitu hakina madhara si sawa na kujua ni kitu gani, na pengo hilo ndilo lililozaa hadithi zote zilizofuata. Mwaka 1983 waraka wa Halt ulitolewa hadharani kwa sheria ya Marekani ya haki ya kupata habari, na gazeti la News of the World likaupamba ukurasa wake wa kwanza.

Kazi ya kutafuta chanzo cha mianga ikamwangukia raia, mwandishi wa habari za anga Ian Ridpath. Bwana misitu mmoja aliyekuwa akiishi jirani alimwonyesha kwamba, kutoka ukingo wa msitu, mwanga wa Orfordness ulikuwa ukitokea upande ule ule wa nyumba ya mkulima. Mnara ulimulika kila baada ya sekunde tano. Ridpath alipousikiliza mkanda wa Halt, alisikia askari akishtuka kwamba mwanga umetokea tena, na nafasi kati ya mshtuko mmoja na mwingine ilikuwa sekunde hizo hizo tano.

Lakini mnara haushuki kutoka angani. Walinzi waliona nini, basi? Waraka wa Halt ulitaja Desemba 27, na usiku huo haukuwa na jambo. Kumbukumbu za polisi ndizo zilizoonyesha kwamba Halt alikosea tarehe kwa siku moja. Tarehe ilipowekwa sawa, ikabainika kwamba muda mfupi kabla ya saa tisa usiku wa tukio, kimondo kikali kilionekana na watu wengi kusini mwa Uingereza.

Yaliyobaki hayakuwa na uzito. Vishimo ni vya sungura. Makovu ni alama za shoka, zilizowekwa kwenye miti iliyokuwa ikisubiri kukatwa. Mionzi ilisomeka chini kabisa ya kipimo, mahali ambapo kifaa cha aina ile hakiaminiki. Zile nyota za Halt huenda zilikuwa nyota kweli: ya kusini inaelekea ni Sirius, inayometameta kwa rangi nyingi inapokaribia upeo wa macho.

Halt mwenyewe hakukubali. Mwaka 2010 alitia sahihi kiapo akishikilia kwamba alichokiona hakikutoka duniani, na amesema mara nyingi kwamba mnara aliufahamu na aliuona pembeni, upande wa kulia. Ridpath anaona kwamba taa ile ya kulia ilikuwa ya meli ya Shipwash, iliyotia nanga baharini kuonya vyombo.